Miche imelala, sukuma imechanwa, udongo ni tope: matatizo ya ploti Uingereza mwezi wa pili na wa tatu

Hii ni kwa wenzangu wenye aloti huku Uingereza, kile kipande cha shamba unachokodi kwa kaunsili au kwa chama cha mtaa, kipimo cha zamani kilikuwa kama mita za mraba 250 ila siku hizi wengi tunapewa nusu yake au hata robo manake foleni ni ndefu. Kuanzia mwisho wa mwezi wa kwanza mpaka katikati ya wa tatu maswali ni yale yale, majani yamegeuka rangi, mbegu haijaota, miche imelala, na wengi jibu lao ni kukimbilia duka la bustani kununua chupa ya mbolea au dawa. Mi nasema hela ikae mfukoni kwanza. Kipindi hiki matatizo mengi sio ugonjwa wala njaa ya mbolea, ni mwanga hautoshi, au udongo una baridi, au maji yamezidi, na yakibaki mengine basi ni ndege na panya.

Kuhusu mwanga, sisi tuliokulia karibu na ikweta hatuna hicho kipimo kichwani, kwetu mchana ni masaa 12 mwaka mzima basi. Hapa London tarehe 1 mwezi wa pili mchana ni kama masaa 9 tu, mwezi ukiisha unakaribia 11, na ukienda juu huko Glasgow mwanzoni mwa mwezi hali ni mbaya zaidi. Mchana ukiwa chini ya masaa 10 mboga nyingi zinakaa tu, haziendi mbele, kwa hiyo mtu anayelalamika kwamba spinachi haijaongeza jani tangu Krismasi hana tatizo, asubiri.

Kitu kimoja cha kununua ni kipimajoto cha udongo. Ni bei rahisi. Kichomeke sentimita 5 mpaka 10 asubuhi, sio mchana jua likiwaka, alafu usome. Namba hiyo itakujibu nusu ya maswali yaliyo hapa chini.

MICHE IMEREFUKA, MYEMBAMBA, IMELALA UPANDE WA DIRISHA

Hili ndo linaongoza. Umesia nyanya mwanzoni mwa mwezi wa pili, trei umeiweka dirishani juu ya redieta, zimeota vizuri ndani ya wiki na baada ya siku chache zimekuwa kama nyuzi. Chanzo ni joto jingi na mwanga kidogo kwa wakati mmoja, redieta inausukuma mche ukue haraka na dirisha halina cha kuulisha, basi unajinyoosha kutafuta jua. Ukiongeza mbolea hapo unauharibu zaidi, utarefuka tu.

Mbegu ikishachomoza itoe kwenye joto siku hiyo hiyo, ipeleke chumba chenye ubaridi kidogo, digrii 15 hivi, dirisha linaloangalia kusini, geuza trei kila siku na nyuma yake simamisha kadibodi uliyoizungushia foili ili mwanga urudi. Kama una taa ya LED ya mimea iwashe masaa 14 mpaka 16, iwe karibu na miche, na uwe unaipandisha kadri miche inavyopanda, watu wengi wanaining'iniza juu sana alafu wanasema taa haifanyi kazi. Ambazo zimesharefuka usitupe zote. Nyanya inaokoka kirahisi, ukihamishia kwenye kikopo zika shina mpaka karibu na majani, sehemu iliyozikwa itatoa mizizi. Kabeji, brokoli na sukuma nazo zika mpaka kwenye yale majani mawili ya mwanzo. Letusi usiizike, shingo itaoza.

Ukiniuliza mimi, nyanya za kuja kupanda nje hazina haja ya kusiwa kabla ya katikati ya mwezi wa tatu, ikichelewa inawahi wenzake njiani. Pilipili na bilinganya ndo wazito, hizo anza mwezi wa pili, ila uwe na taa, bila taa unajisumbua.

MBEGU HAIJAOTA KABISA

Usikae kubahatisha, chimbua moja uiangalie. Ukiikuta ngumu na nzima, udongo una baridi, iache au ihamishie penye joto. Ukiikuta laini inanuka, imeoza, baridi na maji kwa pamoja. Ukikuta imetoa kijimzizi alafu kimekauka, ilikosa maji siku moja tu, hiyo inatosha kabisa. Na usipoikuta, ni panya.

Panya wa aloti kipindi hiki wana njaa na wanapenda njegere na brodi binzi (yale maharage makubwa bapa, Waarabu wanaita ful), watachimba mstari mzima usiku mmoja na kukuachia vishimo vidogo vilivyopangana. Wengi wanasia hizo nyumbani kwenye vikopo au kwenye rola za karatasi za chooni alafu wanapeleka miche ikiwa imeshasimama, nami naona ndo njia ya uhakika, yale mambo ya kumwaga pilipili ya unga juu ya udongo mvua inasafisha asubuhi yake.

Kwenye joto: brodi binzi inaota udongo ukiwa na digrii 5 hivi, karoti inataka angalau 7 na hapo bado itajivuta, mahindi usiwaze chini ya 10, maharage ya kawaida 12. Nyanya na pilipili ni za ndani, digrii 20 na kitu. Pasnipu (mzizi mweupe unaofanana na karoti) ni kesi tofauti, yenyewe hata mambo yakiwa sawa inaweza kukaa wiki 3 au 4 kabla hujaona kitu, na mbegu yake haitunziki, ya mwaka juzi tupa. Kwenye pakiti wanaandika eti sia mwezi wa pili. Sia mwezi wa nne, itaota vizuri zaidi na utashangaa nani alianzisha huo uvumi.

MICHE ILIOTA VIZURI, ASUBUHI UNAKUTA IMEANGUKA

Iangalie pale shina linapogusana na udongo. Kama pamekondeana, pamekuwa na rangi ya maji au kahawia, hao ni kuvu wa udongoni, na kwenye trei moja wanasambaa kwa siku mbili. Ulioanguka hauinuki tena. Kinachowaleta ni miche kubanana, maji kila siku, hewa imesimama, trei ya mwaka jana haijaoshwa, na maji ya pipa la mvua. Hilo la pipa wengi hawaamini, maji ya mvua mazuri kwa mimea mikubwa lakini kwa miche tumia ya bomba.

Kata ile sehemu iliyoanguka na udongo wake, iliyobaki fungua kifuniko ipate hewa, mwagilia kwa chini, weka trei kwenye maji dakika kadhaa alafu itoe. Angalizo la hizi mboji za mfuko zisizo na piti (mabaki ya mimea yanayochimbwa kwenye vinamasi): juu zinakauka mapema zinakuwa na rangi nyepesi, chini bado zimelowa. Mtu anaona juu pamekauka anaongeza maji, kesho tena anaongeza. Chomeka kidole au nyanyua trei usikie uzito.

MAJANI YAMEKUWA ZAMBARAU AU NJANO

Zambarau kwenye miche ya nyanya na kabeji, hasa upande wa chini wa jani, vitabu vitakwambia ni upungufu wa fosforasi na ni kweli, ila haina maana fosforasi haimo. Imo, mizizi yenye baridi haiwezi kuivuta. Joto likipanda rangi inarudi yenyewe, mbolea ya fosforasi uliyonunua ungebaki nayo tu.

Njano kwenye majani ya chini ya sukuma na brokoli iliyokaa nje tangu vuli ni majani mazee, yatoe usiyaache yaoze pale pale manake konokono na makoa wanahamia. Lakini kitunguu na kitunguu swaumu kilichopandwa mwezi wa kumi kikiwa njano mmea mzima, hapo kweli ni njaa, mvua za miezi yote hiyo zimeosha naitrojeni, mwishoni mwa mwezi wa pili nyunyiza mbolea kidogo ya naitrojeni kavu, siku isiyo na barafu. Ncha tu zikiwa njano usijali. Ukikuta vitunguu vimelala juu ya udongo vimeng'oka, ni udongo kuganda na kuyeyuka unavisukuma juu, au ndege anavuta akidhani ni mnyoo, virudishe kwa vidole taratibu. Anayetaka kupanda swaumu sasa hivi awahi sana, swaumu inahitaji mwezi mmoja au miwili ya baridi chini ya digrii 10 ndo igawanyike punje, ukichelewa utavuna kitunguu kimoja cha mviringo hakina punje, kinalika lakini.

Brodi binzi za vuli zikilala chini baada ya usiku wa sakitu (ule umande unaoganda, watu wa Makete na Kinangop wanaujua) usizing'oe. Saa nne saa tano jua likitoka zinainuka. Ncha ikiwa nyeusi kata, itachipua chini.

SUKUMA NA BROKOLI ZIMECHANWA

Kama jani limeliwa ukabaki uti wa kati na mishipa, ni njiwa wale wakubwa wa kijivu, na kipindi hiki hawana kingine cha kula kwa hiyo watamaliza. Kama ni matundu yenye kingo laini na kuna utelezi unang'aa, makoa. Dawa ya njiwa ni wavu, lakini wavu uliolazwa juu ya mmea hausaidii, njiwa anakaa juu yake anakula kupitia matundu, weka matao ya mabomba ya plastiki wavu usigusane na jani. Na funga chini vizuri, ndege mdogo asije akanasa.

Alafu kuna hili linalowashtua sana watu wa kwetu. Nyumbani sukuma unachuma mwaka mzima na zaidi, shina linarefuka mpaka linakupita kiuno. Huku sukuma iliyopita kwenye baridi yote ikifika mwezi wa tatu inatoa kikonyo katikati na maua ya njano, na mtu anasema mbegu mbaya. Sio mbegu. Mmea huu ukishapitia baridi kali unajua mwaka mmoja umekwisha, kazi iliyobaki ni kuzaa mbegu. Nyumbani baridi hiyo haipo ndo maana hauoni maua. Vunja vikonyo kabla ua halijafunguka, vikaange na kitunguu kama mboga nyingine, vitamu kuliko majani, na sia mingine mwezi wa tatu huo huo. Brokoli ya zambarau ni kinyume, hiyo unasubiri ifanye hivyo hivyo, kama mwezi wa pili haina kichwa sio kwamba imegoma, aina nyingine zinatoa mwezi wa nne.

SAMADI MPYA, NA MAJANI YALIYOJIKUNJA MWAKA JANA

Hapa naomba tukae kidogo. Mwezi wa pili ndo matrekta yanashusha samadi ya farasi getini, kila mtu anakimbia na toroli, bure au bei ya chini. Kama mwaka jana viazi, nyanya au maharage yako yalitoa majani membamba yaliyojikunja kama kikombe, ncha zimejiviringa, na mahindi pembeni yalikuwa hayana shida yoyote, mshuku samadi kabla hujamshuku virusi. Kuna dawa ya magugu inaitwa aminopiralidi, inapigwa kwenye malisho kuua magugu ya majani mapana na kuacha nyasi. Farasi anakula nyasi, dawa inapita tumboni bila kuharibika, inatoka kwenye kinyesi, na inakuja kwenye ploti yako ikiwa bado na nguvu. Mwaka 2008 aloti nyingi za Uingereza ziliharibikiwa hivyo mpaka dawa ikasimamishwa, mwaka uliofuata ikarudi kwa masharti makali zaidi, lakini nyasi kavu zinauzwa mkono kwa mkono na mwenye farasi mara nyingi hajui shamba lilipigwa nini.

Kujaribu ni rahisi na muda ndo huu. Chukua samadi kutoka sehemu tofauti za lundo, changanya nusu kwa nusu na mboji ya mfuko, jaza vikopo vitatu. Vingine vitatu jaza mboji tupu. Panda brodi binzi kote, weka dirishani, chini ya kila kikopo kisahani chake maji yasichanganyike. Baada ya wiki 3 au 4 linganisha majani. Ya samadi yakijikunja na ya mboji yamenyooka, hiyo samadi usiiguse, na usiiweke kwenye lundo la mboji pia. Kama imeshaingia shambani, igeuze geuze na udongo, vijidudu vya udongo ndo vinaivunja, na msimu huo panda mahindi pale. Muulize pia anayeleta, moja kwa moja, malisho yalipigwa dawa gani. Akianza kuzunguka, umepata jibu.

UDONGO UNAGANDA KWENYE BUTI

Shika bonge, libonyeze. Likibaki donge linang'aa na linaacha unyevu mkononi, toka ploti uende nyumbani, mfinyanzi uliolimwa ukiwa umelowa unashikamana na hutaufungua mpaka vuli. Likivunjika kwa kidole endelea. Kama lazima ukanyage tembea juu ya mbao. Funika kitalu kimoja tu kwa plastiki nyeusi wiki 2 au 3 kabla ya kusia, mvua isiingie na udongo upate joto, hicho kitakuwa mbele ya vingine vyote.

Maji yakisimama siku nyingi baada ya mvua kuisha hilo ni suala la mtaro au vitalu vya kuinua, sio la kumaliza kwa toroli la mchanga.

MITI YA MATUNDA

Mtofaa na mpea unapogolewa sasa, kabla macho hayajafunguka. Ukiona gamba limezama, limepasuka kwa miduara na kuni inaonekana katikati, hiyo kanka (ugonjwa wa kuvu wa gamba), kata mpaka ufike kwenye mbao safi, matawi yatoe ploti. Mplamu usiuguse! Ukiukata wakati wa baridi kuvu wa jani la fedha anaingia kwenye kidonda, huo subiri mwezi wa sita mpaka wa nane. Mpichi ukitoa majani mekundu yenye uvimbe kila masika, tatizo linaanza sasa hivi, mvua inapeleka vimelea kwenye macho, kwa hiyo ufunike kwa juu na plastiki mpaka katikati ya mwezi wa tano, pembeni paache wazi nyuki wapite. Dawa ya kupuliza baada ya jani kujikunja haisaidii.

Blakikaranti (kichaka cha matunda madogo meusi) yenye macho manene ya mviringo wakati mengine ni membamba yaliyochongoka, humo ndani kuna utitiri, wadudu wadogo mno wa mimea, yachume hayo manene uyatupe, na kama kichaka kizima kimejaa king'oe. Rasiberi za vuli kata zote usawa wa ardhi mwezi wa pili. Za kiangazi usizikate hivyo, hutapata tunda.

VIAZI VIMETOA VIKONYO VYEUPE VIREFU

Umeviweka gizani na penye joto. Vitoe, vipange kwenye trei za mayai, upande wenye macho mengi juu, penye mwanga na digrii 10 hivi, vikonyo vitoke vifupi, vinene, kijani au zambarau. Vile virefu vyeupe vitavunjika wakati wa kupanda, vinyofoe tu vichipue upya, muda upo, kupanda ni mwisho wa mwezi wa tatu. Vikishatoka juu na usiku kukatangazwa baridi, vutia udongo ufunike majani.

MCHICHA, KUNDE, MNAFU NA MABOGA HAVIJATOKA

Na havitatoka. Mbegu uliyoletewa na shangazi kutoka nyumbani ni nzima, ulichokosea ni tarehe. Hapa hata kusini sakitu inaweza kupiga mpaka katikati ya mwezi wa tano, kaskazini mpaka mwisho wake. Mnafu uhesabu pamoja na nyanya, uanze ndani mwezi wa tatu. Maboga ndani mwezi wa nne, mchicha ndani mwezi wa nne au wa tano na nje mwezi wa sita udongo ukiwa umeshika joto, hapo utakua kwa fujo mpaka ugawie majirani. Kunde nazo ni za joto kabisa, ukiwa na grinihausi utapata majani, bila hiyo inategemea mwaka.

UMEPATA BARUA KWAMBA PLOTI HAILIMWI

Hii nayo ni dalili. Mikataba mingi inataka sehemu fulani ya ploti iwe inalimwa, na wakaguzi wakipita masika mapema wanaona magugu tu hawajui una trei 6 za miche sebuleni. Mjibu katibu kwa maandishi ndani ya muda alioweka, mwambie kipi kimesiwa na kipi kitaingia lini, alafu wikiendi hiyo hiyo funika robo tatu kwa plastiki, palilia ile robo ya getini, na chomeka vibao vyenye majina ya mimea hata kama chini yake bado hakijaota kitu.